Pioneer mwenye Jembe

"Pioneer? Wewe?" Afisa wa wakimbizi aliacha kuandika, akanitazama kwa mara ya kwanza. Mkalimani wangu akanigusa kiwiko. "Sema yes, mzee." Nikasema yes. Kwa yes hiyo moja nikanyimwa kibali: eti nilikuwa mwanzilishi wa kundi la waasi.

Mwanzilishi. Kule Kivu waasi walinitoa shambani na jembe langu mwenyewe. Niliwachimbia mahandaki, niliwakatia miti njiani, niliwabebea masanduku ya risasi. Bunduki sikuwahi kushika. Niliokoka kwa sababu siku moja walilewa wakasahau kunifunga kamba.

Shule niliishia la tatu, na Kiingereza changu ni cha mitaani tu, cha eish na sharp. Pasta wetu hapa Durban akasema iko kijana Mkenya, amepanga chumba Glenwood, anasomea maneno ya Kiingereza cha zamani, atanikalimania bure. Wahenga walisema bure ghali. Pasta hakuwasikia.

Jibu lilipotoka nilimfuata Glenwood. Nilipomwuliza kuhusu lile neno alilonitafsiria kwa afisa, alifurahi kama nimemwulizia mtoto wake.

"Liko sawa kabisa, mzee wangu. Jeshini, zamani, pioneer ni yule anayetangulia na jembe na shoka, afungue njia. Limetoka kwa Kifaransa cha kale, askari wa miguu. Ni ndugu wa pion."

"Pion naijua. Kete ya kuchezea dame, ninyi mnaita drafti. Kwetu tunatumia kizibo cha bia."

"Ndiyo hiyo."

"Na siku hizi maana yake nini?"

Akakuna kidevu. "Siku hizi ni mtu wa kwanza kuanzisha jambo. Lakini hiyo maana ni ya juzijuzi tu."

Juzijuzi. Na afisa naye ni wa juzijuzi, hata hakujiuliza ni mwanzilishi gani huyu anayechimbishwa kwa jembe.

Leo napakia malori Clairwood. Gunia likiwa zito, wenzangu husema, "Mwanzilishi, anza wewe." Ninaanza.

Pasta ananiambia tuombe. Kijana amemaliza masomo, sasa anaitwa daktari wa maneno. Rufaa yangu itasikilizwa mwezi ujao, na maombi nimeshapata ya kutosha. Daktari, siku hiyo njoo. Simama mbele yao, uwaambie lile neno lilitoka kwenye mdomo wa nani, wangu au wako.