Tulivyomkamata Mfalme wa Mwezini

Mwaka wa tatu huu hatusemeshani, mimi na Hamisi, fundi cherehani wa Gongoni. Nilimwapia kila mtu kuwa ndiye aliyesahau maneno tulipoigiza safari ya mwezini pale kijiji cha ujamaa, tukachekwa. Jana mwalimu aliyetuongoza kaja na mkanda aliorekodi siku ile. Kwa kiherehere changu nikawaita majirani, na Hamisi mwenyewe, waje wasikie.

Tukatega masikio. Hamisi akasikika vizuri kabisa: “Mfalme wa mwezini huyo, mkamate.”

Hapo nilipaswa kufoka, “Mikono juu.” Lakini mfalme aliigizwa na baba mkwe wangu. Mkanda ukakwaruza, kisha sauti yangu ikatoka kwa unyenyekevu: “Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” mfalme akaitikia. “Watoto hawajambo?”