Jibu la Pili la Kanyagio

Siku yangu ya kwanza kazini, karakana ya Kibondo, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa chaki. "Fito nne za chuma zimefungwa kwa bolti ziwe umbo moja. Hii ikizunguka, ile ya mbali itakuwa wapi? Usikisie."

Tulitumia namba changamano, ambazo vijana huziogopa bure. Kila fito ni namba moja yenye sehemu mbili: umeenda mbele kiasi gani, umepanda kiasi gani. Ukiizidisha kwa i, ile namba ambayo kipeo chake cha pili ni hasi moja, fito inageuka robo mzunguko. Ukijumlisha zote nne kwa kufuatana unarudi ulipoanzia, yaani jumla ni sifuri. Ila hesabu hiyo hutoa majibu mawili: fito zimekaa wazi, au zimepishana kama mkasi. Tulichukua la wazi, la pili tukalifuta. Ndivyo tulivyofundishwa, nami nilipenda ubao safi.

Nikahamishiwa Kasulu. Huko nilichora mashine ya fito nne ya kuchakata muhogo kwa mguu, ya kikundi cha akina mama wa Heru Juu. Ilifanya kazi msimu mzima. Matundu ya bolti yalipolika, siku moja fito zikalala mstari mmoja, kisha zikakunjikia upande wa lile jibu nililolifuta. Kanyagio likarudi juu kwa nguvu, likamvunja Mama Esperansi, mmoja wao, kifundo cha mguu.

"Andika kwamba alikanyaga vibaya," alisema mkuu wangu mpya bila kuinua macho.

Nikaandika, nikasaini. Nikachomelea kizuizi, mashine ikarudi kazini. Mama Esperansi hakurudishwa. Wenzake walisema ni mzembe, abaki kumenya tu.

Nilistaafu mwaka jana. Sina ninachokumbuka kwa uchungu zaidi ya ile saini. Juzi nilipanda bodaboda hadi Heru Juu, nikamkuta kando ya banda akimenya, mashine ikinguruma ndani. Nikamchorea chini majibu yote mawili, nikamweleza nililifuta lipi na niliandika nini. Niliona aibu sana.

Aliutazama mchoro.

"Kumbe si mguu wangu."

"Si mguu wako, mama. Ni mimi."

Akaweka kisu chini, akawaita wenzake waache mashine, wasogee.

"Mzee, anza upya," akasema. "Sema polepole, na hawa wasikie."