Huyu ni wa Kwa Nani

Kijijini wanamwita Seneta, na mwenyewe anaitika. Jina hilo Rashidi alilipata mwaka ule Wamarekani walipomchagua rais mwenye baba Mjaluo wa Kenya. Mkulima wa kabichi na karoti, mtu ambaye safari yake ndefu ni Lushoto mjini, aliushika uchaguzi ule utadhani kura inapigwa kitongojini kwake. Redio haikutoka kwapani. Wenzake wakipakia kabichi kwenye lori, yeye anawasimulia: kazaliwa Hawaii, mama Mzungu, baba mwanafunzi kutoka Afrika, kalelewa na babu na bibi wa kwa mama, kazunguka na watu wa mitaa ya kimaskini Chicago, kasoma sheria, kawa seneta wa jimbo, kawa seneta wa taifa, na sasa huyo anaingia Ikulu. Wenzake wanacheka, wanamwambia Seneta, basi shika upande wa huku, lori linaondoka.

Lakini tuseme ukweli, siasa hazikumhusu hata chembe. Diwani wake mwenyewe alikuwa hamjui kwa sura. Kilichomkamata ni pale mtangazaji aliposema kwamba yule baba alimwacha mwanawe angali mchanga, akaja kumwona mara moja tu, mtoto ana miaka kumi, basi, hawakuonana tena. Siku aliyosikia hayo Rashidi aliacha jembe shambani, akaenda kukaa kando ya mfereji, akalia peke yake.

Maana naye alikuwa na mtoto wake wa namna hiyo. Ng'ambo ya bonde, kwenye kambi ya wachuma chai, aliwahi kumpenda msichana anaitwa Elieshi, binti wa Wapare waliokuja kutafuta kibarua. Wakapendana kweli, Elieshi akapata mimba. Kwa akina Rashidi, Washambaa, mtoto wa nje ya ndoa hubaki kwa wajomba zake mpaka upande wa baba wapeleke mbuzi na kutamka mbele ya watu kwamba huyu ni wetu. Mzee wake akakataa katakata. Mkristo, akasema, tena wa kambini, watu ambao kwao hapajulikani. Na Rashidi, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, badala ya kushupaa akanyamaza. Mbuzi hakwenda. Mtoto akazaliwa wa kiume, wakamwita Alen, akakulia kwa wajomba. Rashidi akaoa Hadija, wakapata mabinti, mzee akafariki, wakamzika, na bado mbuzi hakwenda. Aibu, bwana. Ukiilea sana inageuka mazoea.

Sasa yule rais ndiye aliyemharibu kabisa. Rashidi alisikia kwamba bwana yule, kabla hata hajaingia kwenye siasa, alifunga safari mpaka Kenya kutafuta kwao. Akaishika hiyo. Akawa anajiambia kwamba Alen naye atakuja, damu itamvuta, iko siku atabisha hodi. Kila akienda gulioni anamwachia Hadija maagizo: akija kijana mgeni mkaribishe, umpe chai, usimwache aondoke. Rais akamaliza vipindi vyake viwili, wakaja wengine, na Rashidi akisikia hodi moyo ungali unamruka. Alimtamani mtoto yule mpaka akawa anazikisia suruali sokoni, anajiuliza kama zingemtosha, kisha anazirudisha.

Ndipo msimu huu wa kampeni habari zikavuka bonde: Alen anagombea udiwani kwao. Alianzia kwenye ushirika wa wakulima wadogo wa chai, akawasemea, watu wakampenda. Rashidi hakutulia siku hiyo. Akamtangazia mkewe kwamba mambo ni yaleyale, kijana akishapata cheo atakuja tu, kama mwenzake alivyokwenda Kenya. Hadija, ambaye ameyavumilia mambo haya tangu enzi za redio, akaweka kisu cha mboga chini.

"Baba Salama," akasema, "huyo rais wako alipofika Kenya, baba yake alimkuta?"

Rashidi akasema hapana, alikuta kaburi.

"Basi wewe endelea kusubiri."

Kesho yake alivaa koti lake la Idi akashuka bondeni, akapanda upande wa pili.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Elieshi alikaa mstari wa mbele, mvi zimemjaa kichwani, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Rashidi akajibanza kwa nyuma. Alen alipoanza tu kuzungumza, wapambe wa mpinzani wakamkatiza: huyu ni wa kwa nani? Huku milimani hilo si swali dogo. Hupewi kura, hupewi hata mke, kabla watu hawajajua wewe ni wa kwa nani. Wakaendelea kumzomea, mtoto wa kambi, kwao hapajulikani. Rashidi akakumbuka kwamba hata yule wa Marekani walimwandama hivyohivyo, eti hakuzaliwa kule. Akasimama.

"Huyu ni wa kwetu," akasema. "Mimi ndiye baba yake."

Watu wote wakageuka kumtazama. Alen akajibu kwa Kishambaa safi, bila haraka. Alimshukuru mzee kwa kumsimamia. Ila mbele ya watu hawa, akasema, hawezi kudanganya: waliomlea ni wajomba zake, na yeye ni wa kwa Elieshi, wa palepale kambini, na anayetaka kumnyima kura kwa hilo amnyime. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wazomeaji wakakaa chini mmoja mmoja, na kila aliyekuwepo alijua udiwani umeshapatikana. Rashidi naye akapiga makofi. Alijivunia mtoto yule na aliumia, vyote kwa pamoja, hata mikono ikawa mizito.

Mwishoni mgombea akapita akisalimiana na watu. Alipofika kwa Rashidi aliinama akampa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kila mzee huita vijana hivyo, lakini Rashidi mara hii alimaanisha. Alen hakuuachia mkono wake. Akamwuliza anakaa wapi. Rashidi akageuka, akamwonyesha kwa kidole: ng'ambo kule, juu ya mfereji, ile nyumba yenye bati jekundu. Ilionekana bila taabu. Hata kanga za Hadija zilionekana kwenye kamba.

Alen akaitazama nyumba ile.

"Kumbe ni karibu hivyo," akasema.