Kiti cha Odile, Njia ya Koni

Niliondoka Kikula, mutaa wetu, kwa sababu ya ndoa ya Odile, mutoto wangu mumoja aliyebaki. Bwana arusi alikuwa na kazi Koni, pale mutambo wa umeme, na kwetu bibi arusi hapelekwi peke yake kama mufuko wa mahindi. Mama, shangazi na dada zake wanamusindikiza mpaka mulangoni. Lakini minye nilikuwa nimeapa kutopanda tena nyuma ya Landrova. Nieleze sababu kwanza, ili mujue nilikuwa natafuta nini njiani.

Miaka mine nyuma tulikwenda Koni hiyo hiyo kwa kilio. Kampuni ya mugodi ilikuwa imeacha kulipa, mabasi yake yamekufa, na kila mwenye Landrova ya mizigo alianza kubeba watu. Pasta Yoasi wa kanisa letu akatoa mabenchi ya kanisa. Yakawekwa nyuma, moja huku, moja kule, yamefungwa kwa kamba. Mutu mumoja akauliza kama kamba itashika. Pasta akajibu kwamba benchi iliyojaa maombi haiwezi kuwaangusha watu wa Mungu. Tukaitika amina. Kwenye kizuizi, polisi Mwansa aliona wazi kama ile gari ni ya mizigo. Akapokea kuku, akafungua njia. Katika muteremuko wa muto Lufira dereva akakanyaga breki, na mabenchi yakaruka mbele pamoja na sisi. Mulango wa nyuma ulikuwa unafunguka kwa inje tu. Papa Odile, bwana yangu, alikufia mule ndani. Minye nilitoka na kiuno kisichokunjika. Yoasi na Mwansa. Nitayataja hayo majina mpaka nife.

Asubuhi ya safari, Kikula. Landrova ilikuwa ya Ramazani, jirani yetu wa nyuma ya soko, wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema. Kabla ya kupakia vitu, nilitandika kitenge chini na kujiingiza polepole chini ya gari. Wanawake wakacheka.

“Mama Odile, unaenda ku arusi ao ku garaji?”

“Naangalia kama kitanda ya arusi iko na miguu!” nikajibu toka chini.

Ramazani akachuchumaa. “Mama, unatafuta nini?”

“Natafuta fasi benchi yako inaishia.”

“Haiko benchi, mama. Ni kiti.”

Viti vile alivitoa katika basi moja bovu la kampuni. Vyote vilitazama mbele kama watu wanaojua wanakokwenda. Nikafuata na mukono buloni, ile bolti inayokaza kila muguu: ilipita katika sakafu, ikashika shasi, kile chuma kizito ambacho gari yote inakilalia, na chini yake kulikuwa kipande cha chuma kinene.

“Bati ya chini ni kama nguo,” akasema. “Ukifunga kiti ku bati peke yake, siku ya breki inapasuka.”

Mikaba, ile mikanda ya kujifunga, nayo ilishikwa kwenye shasi. Nikaivuta moja moja. Dumu ya mafuta aliifunga inje, mbali na watu. Kisha nikapanda, nikaomba wanifungie, nikafungua mulango kwa ndani. Wakanifungia tena. Nikafungua tena.

Odile, kichwa kimesukwa vizuri, akapiga kelele: “Mama, kwa mwendo hii tutafika ku arusi ya batoto yangu!”

Bado nilikuwa na ulizo. Ile gari ilizaliwa ya mizigo. Karatasi yake ilijua viti vya mbele tu. Ramazani akanionyesha karatasi mupya. Alikuwa amepeleka gari Lubumbashi, wakapima viti na uzito, wakaandika: nyuma, watu saba.

“Na muntu wa munane?”

“Wa munane haiko mu karatasi, mama. Na breki haimujue.”

Nyuma tulikuwa saba, na viti vya mbele vilikuwa vimejaa. Nikapanda.

Kakontwe, mavumbi meupe ya machimbo yako juu ya kila jani. Kando ya njia alisimama Pasta Yoasi na benchi fupi begani. Wakwe walikuwa wamemwita kubariki ndoa. Ramazani akaona haya kumuacha mutu wa Mungu. Pasta akaweka benchi yake katikati ya viti vyetu, akakaa.

“Bwana asifiwe, Mama Odile! Ungali na hasira?”

“Ningali na kiuno.”

Nikataka kushuka. Odile akanishika mukono. “Mama, leo apana.” Nikakaa tena, nikafunga mukaba.

Kizuizini alikuwa Mwansa mwenyewe, amezeeka, kofia yake imekwisha rangi. Akasoma karatasi, akaingiza kichwa ndani.

“Saba. Minye naona munane.”

“Shefu, ni bantu ya arusi,” Pasta akasema. “Tutakuachia kitu.”

Macho ya Mwansa yakaenda kwa kuku tuliyewabebea wakwe. Hapo nikashindwa kunyamaza.

“Shefu Mwansa, ule kuku haiko yako.”

“Weye unanijua?”

“Nakujua sana. Karatasi inasema saba. Fanya kazi yako.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Miaka yote minye iko hapa, muntu hajanilomba nifuate sheria!”

“Leo nakulomba.”

Aliangalia namuna nilivyokaa upande mumoja. Sijui kama alikumbuka. Akasema, “Pasta, shuka. Na benchi yako.”

“Na arusi itabarikiwa na nani?” shangazi akalia.

“Arusi bila pasta itangojea,” nikamujibu. “Arusi bila Odile ni kilio.”

Muteremuko wa Lufira. Nyuma ya kona, lori ilikuwa imekufa katikati ya njia. Ramazani akakanyaga breki yote. Miili yetu ikaenda mbele, mikaba ikaturudisha, kuku akaanguka miguuni. Nilingojea ile sauti ya mbao. Haikuja. Odile alikuwa ananitazama, akitengeneza nywele zake.

Koni, mabomba makubwa yanashuka kwenye kilima, na maji yanavuma ndani yake hata ukilala unayasikia. Baba mukwe akauliza, “Pasta iko wapi?”

“Anakuya,” Ramazani akasema. “Sheria inamutembeza.”

Alifika juu ya lori ya saruji, mweupe kichwa mpaka viatu, amekumbatia benchi. Aliwabariki bibi na bwana arusi, saruji ingali kwenye nyusi zake. Tukala bukari, ule ugali wetu, na samaki wa Lufira, na minye nilicheka, jambo ambalo sikulitazamia.

Siku ya kurudi, Odile alibaki na bwana yake. Kiti chake kilikuwa kitupu. Pasta alisimama kando ya gari, akikitazama. Ramazani akaniangalia minye.

“Atakuwa wa saba,” nikasema. “Karatasi inamukubali.”

Akakaa kwa kiti cha mutoto wangu. Akaushika mukaba kama mutu anayeshika nyoka. Nikamunyang’anya, nikamufunga mwenyewe, nikavuta mpaka akaguna.

“Mama Odile, umenisamehe?”

“Apana. Nimekufunga.”

Tangu siku ile, watu wa Kikula wanaotaka kutia viti nyuma ya gari wananiita niangalie. Ninatandika kitenge changu, ninaingia chini, ninatafuta buloni inaishia wapi. Halafu ninaulizia karatasi na ninajifungia ndani. Maombi wafanye, minye pia ninaomba, lakini ninaanzia chini. Benchi ya Pasta tuliiacha Koni, kwenye kiwanja cha baba mukwe. Odile anaikalia jioni akichambua mboga. Imesimama juu ya udongo, na haiendi popote.