Shanga Nilizoziita Mbegu

Mume wangu aliondoka Chiwata baada ya vita vya Maji Maji, njaa ikiwa bado imetukaba, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la katani la Mjerumani huko Tanga. Alisema msimu mmoja. Ikapita miwili, kimya. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Upweke ulinitafuna, nisifiche, hata nikawa nawasimulia kuku ndoto zangu.

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya ndoa ya mpwawe, akachoka kuniangalia. Akasema mavuno ya mtama yakiisha na mwanamume hajarudi wala kuleta neno, ataniozesha kwa mtu wa kijiji cha Lupaso. Mimi nilimtaka mume wangu yule yule.

Kwetu, mke akimwita mume aliye mbali, hamtumii maneno. Maneno, mtu yeyote aweza kuyatunga. Humtumia uzi mmoja wa shanga za kiunoni mwake, ambazo mume peke yake anazijua, naye akizipata hufunga mzigo siku hiyo hiyo. Nikakata uzi mmoja, nikafuatana na wachukuzi mpaka Lindi, kwenye posta.

Karani alikuwa Mswahili wa pwani, kanzu nyeupe pe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza natuma barua au kifurushi. Akanieleza vizuri tu, siwezi kumsingizia.

"Barua hupewa mtu mkononi, jina lake likiitwa. Kifurushi hupelekwa kwanza kwenye ghala la shamba. Kama ni kitu chepesi, kitie ndani ya bahasha."

Bahasha! Shanga zangu za kiunoni zipapaswe na vidole vya wanaume kupitia karatasi, kutoka Lindi hadi Tanga? Nilikuwa nimezivingirisha kwenye kaniki na kuzishonea ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Nikasema kifurushi. Akauliza kuna nini ndani, kwani lazima kiandikwe juu. Macho yangu yakashuka chini. Nikajibu, mbegu.

Nikarudi nyumbani, nikawa nahesabu masuke. Mtama ukaiva, ukakatwa, ukapurwa. Hakuja mtu. Mjomba hakunipigia kelele, alinionyesha tu ghala lililojaa, nami nikafunga virago kwenda Lupaso kwa mume mwingine, mtu mpole ambaye sikuwa na la kumwambia.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mume wangu wa kwanza akatokea uani Lupaso, miguu imejaa tope, kikapu changu mkononi. Msimamizi wa shamba alikiweka na mbegu nyingine akingoja msimu wa kupanda. Siku waliyokifungua, yeye akaondoka.

"Mbona ulisema mbegu?" akaniuliza.

Nikamwambia niliona haya.

"Haya, kwangu mimi?"

Si kwake. Nilimwonea haya karani, mtu ambaye leo hata sura yake siikumbuki.