Mgavu wa Mpakani

Gome la mgavu likichemka, harufu yake ni chungu kabla hujaonja dawa yenyewe. Hukaa kooni, huingia kwenye shuka, hata maziwa hupata ladha yake. Mwaka mama alipougua, nyumba yetu ya Ihanda ilinuka hivyo masika yote, na mletaji wa gome nilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi nisiyejua kutulia mahali pamoja. Mama alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakulia. Tangu siku ile alilala akiutazama ukuta, akikohoa, akikonda mbele ya macho yetu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemtibu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha nguvu, basi alinipa kisu na kunituma kila asubuhi.

Mgavu wenyewe ulisimama mpakani, kibanja chetu upande huu na cha Baba Mdogo Bagenda upande ule. Kiangazi maganda yake makavu ya mbegu yalichakarika juu ya migomba usiku na mchana. Ulikuwa mti mgumu kweli, wa kumtoa fundi jasho, na baba alikuwa ameuweka uje kuchongwa mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ule wa kutosha watu wawili kukanyaga kwa pamoja. Baba mdogo alilalamika kwamba unainyima kahawa yake jua. Kila walipokunywa rubisi, pombe hiyo ya ndizi, alisema ipo siku ataumaliza, na baba alicheka. Siku ya kwanza bibi alijikokota na mkongojo wake mpaka pale, akanionyesha kwamba gome hutolewa upande jua linapotoka na upande linapotua, kipande cha kiganja tu, kisha kidonda hupakwa samadi. "Pande nyingine usiguse," aliniambia. "Ukiuzungushia kisu umeuua." Niliitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, huku miguu yangu ikiwa imeshaanza kuondoka.

Mama hakupata nafuu upesi kama nilivyotaka. Nilikuwa naingia chumbani mwake, natoka, naingia tena, mpaka shangazi akanifukuza kama kuku. Jioni moja nilimsikia baba akimuuliza bibi kama wakati umefika wa kuwaita watu wa kwao mama. Nilijua watu huitwa lini. Kesho yake sikubeba kisu, nilibeba panga. Nilianza upande wa jua kutoka, nikaendelea, nikazunguka, nikaendelea tena, nikilia na kubandua, mpaka nilipoanzia pakakutana na nilipoishia. Kikapu kilijaa. Nilipaka samadi kila mahali, nikaufunga mti majani makavu ya migomba kama mtu aliyevikwa shuka, na kila bibi alipogeuza uso niliongeza gome chunguni. Kabla masika hayajaisha mama alitoka nje kwa miguu yake, akakaa juani, akaomba kahawa ya kutafuna. Sijawahi kufurahi kama siku ile, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Kiangazi kilipofika mgavu ulipukutisha majani, na hapo hakuna aliyeshangaa, ndiyo desturi yake. Mvua za vuli zilirudi. Miti yote ikachipua, wetu haukuchipua. Mimi nilianza kuamka alfajiri kwenda kuutazama, nikakwaruza matawi kwa kucha nikitafuta ubichi, nikamwagia maji kwa kibuyu, mambo ya kijinga yote niliyafanya. Chakula hakikupita. Mama alidhani nimeambukizwa kikohozi chake akawa ananipa uji wa maziwa, jambo lililonitesa kuliko fimbo. Kisha siku moja baba alifunua yale majani makavu, akaliona jeraha la panga lililozunguka shina zima.

Hakuuliza mtu. Alivuka mpaka, nami nikamfuata nyuma.

"Kaka, mimi?" baba mdogo alisema. "Mimi niuue mti wako kwa kujificha? Ningetaka kuukata si ningekuja na shoka mchana?"

"Ulisema mwenyewe utaumaliza," baba alimjibu. "Na mke wangu alikuwa akiutegemea huo mti."

Nilisimama kati ya migomba nikiwa na neno moja tu la kusema, na halikutoka. Kufikia wiki iliyofuata kijiji kizima kilisema baba mdogo ndiye aliyeuua. Wake zao waliacha kuazimana chumvi, na kwenye mazishi ya jirani ndugu wale wawili waliketi wakipeana migongo. Kabla kahawa haijaiva baba mdogo alihamia Rugu. Niliwaona wakipita, mkewe na mikeka kichwani, yeye akisukuma baiskeli iliyobeba chungu na kuku. Alinipungia mkono, kwa sababu alinipenda.

Nilimwambia baba usiku uleule. Nilitegemea kipigo. Aliniuliza kama mama anajua, nikasema hapana. Asubuhi alishika fimbo yake akaenda Rugu kwa miguu. Alirudi siku ya tatu, peke yake.

"Amesema amesikia," alituambia. Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine.

Mtumbwi ulichongwa. Ulitosha watu wawili, na baba aliukanyagia peke yake mpaka uzee. Mama aliishi akawabeba wanangu, na kama ni gome lililomponya au ni siku zake tu, sijui. Siku hizi mipakani Ihanda wamepanda migrevilea, miti ya kigeni, imenyooka, inakua haraka, na ukikohoa unapewa vidonge kwenye karatasi. Nafurahi kwa vidonge. Lakini sijatulia bado, hata kwa uzee huu. Juzi sokoni Omurushaka mjukuu wa baba mdogo, mama wa watoto watatu, aliniamkia shikamoo akachukua mzigo wangu bila kuombwa. Tulipokuwa tukitembea aliniuliza, "Bibi, babu alihama kwenu kwa nini? Nyumbani hakuna anayejua."

Kumbe hakuwaambia. Miaka yote hiyo, hata watoto wake hakuwaambia.

Nikamwomba auweke mzigo chini.