Kituo cha Polisi cha Jamleck

Jamleck ni fundi wa mbao hapa kwetu, juu ya Molo, na nitakuambia ukweli: meza yake moja iko kwangu na inacheza kama mlevi. Kwa hivyo nilipomkuta nje ya nyumba akiunda mfano wa kituo chetu cha polisi, mdogo wa kubebwa na mikono miwili, nikamwambia, "Mzee, hii angalau itasimama?"

Hakucheka. Kijana wake, Kihara, alikuwa bado mochari.

Kihara alishikwa kwa baa Jumamosi. Jumapili asubuhi polisi wakamwita Jamleck: kijana amejinyonga kwa seli. Akaenda, akambeba mwenyewe kutoka seli mpaka nje. Sasa, kwa kanisa lao, mtu akijinyonga haingizwi ndani. Haimbiwi, haombewi, anazikwa huko kando ya ua wa shamba na watu wanaenda nyumbani. Tabby, mama ya Kihara, alikuwa amekataa chakula juu ya hayo maneno. Hata hakuuliza nani alimuua. Alitaka tu mtoto wake aombewe.

"Ile seli haina pa kufungia kamba," Jamleck akaniambia. "Juu ni simiti tupu. Dirisha ni vitundu, hata kidole hakipiti."

"Si uwaambie hivyo?"

"Nimewaambia. Pastor anasema ni uchungu unaongea. Wacha aone na macho."

Akaunda. Kuta ni mbao za kreti, bati ni mkebe wa mafuta ya kupikia, amekunja mikunjo na uma. Kaunta iko, bendera iko. Ukuta mmoja unafunguka kama mlango wa kabati, unaona seli yote. Nikamwambia amesahau harufu. Hapo alitabasamu kidogo.

Pastor Micah akakuja na wazee wa kanisa. Akaingiza kidole ndani ya ile seli, akapapasa juu, akapapasa ukutani.

"Kama ni hivi," akasema, "huyu kijana tutamzika sisi. Lakini lazima tuende tuhakikishe."

Siku hiyo Tabby alikunywa uji.

Shida ya Pastor Micah ni heshima. Haingii kwa mtu bila hodi. Akampigia mkubwa wa kituo simu, akaomba ruhusa vizuri kabisa, akaambiwa karibuni, lakini mkuje Alhamisi.

Alhamisi tukaenda, Jamleck amebeba kituo chake kama keki ya harusi. Kwa seli, huko juu, bomba la chuma limetoka ukuta huu mpaka ule.

"Mzee," askari akamwambia, "wewe ni fundi. Bomba kubwa hivi ulisahauje?"

Pastor akanyoosha mkono pale bomba linaingia ukutani. Simiti ikabaki kwa kidole, mbichi. Akaangalia kidole. Askari naye, kwa mlango, akamwangalia yeye. Pastor akatoa kitambaa mfukoni, akajipangusa polepole.

"Bomba liko," akasema.

Tukamzika Kihara kando ya ua. Wazee wa kanisa hawakukuja. Pastor Micah alikuja, lakini alisimama barabarani, nje ya ua, kofia mkononi. Jamleck alianza kuomba, akafika kwa jina la kijana, akaacha. Tabby akanigeukia.

"Wewe unaongeanga siku nzima," akasema. "Ongea sasa."

Mimi, wa kuonekana kanisani Krismasi tu. Nikaomba ile moja ninayojua, Baba Yetu, mpaka mwisho. Tulipofika amina niliangalia barabarani. Midomo ya Pastor haikusonga.